Kocha Aliyeshindwa Kusema "Kaa"

Kuna watu walioumbwa bila neno "hapana" mdomoni, na mmoja wao alikuwa fundi wa makochi. Ukimpelekea kochi lililooza mbao, lililotoboka kitambaa, lenye springi zinazochungulia nje, yeye hulizunguka, hulipapasa, halafu husema, "Tutaona." Kusema kweli hakukuwa na la kuona. Lakini angemwambiaje mama wa watu kwamba kochi lake limekufa? Basi karakana yake ilijaa makochi marehemu ambayo wenyewe walikuwa bado wanayasubiri yafufuke, naye akipita katikati yake kwa ubavu, akiomba radhi kila simu ilipolia.

Kazi ya ukocha ilimpata kwa njia hiyo hiyo. Klabu ya wanawake ya mpira wa kikapu ilimwita atengeneze benchi la wachezaji wa akiba, lile refu la kando ya uwanja. Alipomaliza kulishona akabaki kutazama mazoezi. Mwalimu wao alikuwa amehama, wakamwuliza kama anaweza kuwashikia filimbi kwa wiki hiyo tu. Akasema, "Tutaona." Miaka ikapita, nywele za kisogoni zikaota mvi, filimbi bado iko shingoni.

Na miaka hiyo alikuwa na raha zake, tusimwonee. Timu ilikuwa na wanawake saba, wawili kati yao wakiogopa mpira. Hapo hakuna wa kumkosea adabu: wote wanacheza, wote wanafungwa, wote wanarudi nyumbani wakiwa marafiki. Ofisini kwa klabu alikuwa ametengeneza kabati la kuwekea kombe, ndani amelitandika mahameli nyekundu kwa mkono wake mwenyewe, na kitu pekee kilichowahi kukaa humo ni vumbi. Alilitamani kombe kama wengine wanavyotamani nyumba. Hakuwa akilisema sana, lakini mkewe alijua, maana kila msimu ulipokwisha mumewe alikuwa akishinda siku nzima akipiga misumari mahali ambapo hapakuhitaji msumari.

Kisha neema ikamshukia, na neema nyingine ni mtihani. Kiwanda kimoja kilifungwa na timu yake ikavunjika. Wachezaji wake wanne wakaja kugonga mlango wa karakana, wakiongozwa na mwanamke mrefu mno aliyeitwa Ngazi. Fundi angewakataaje? Muda si muda mwanawe wa kiume akaoa msichana aliyekuwa akiucheza mpira wa kikapu tangu chuoni, na bibi harusi akaomba kwa heshima zote, macho chini, kama baba mkwe angemruhusu kuja mazoezini. Baba mkwe akaruhusu. Timu nzima ikamwita Mkwe, jina likamganda. Alipoanza kucheza ikaonekana kwamba yule binti asiyethubutu kumtazama usoni baba wa mumewe mezani, uwanjani alikuwa hamwogopi mtu.

Sasa akawa na wachezaji kumi na wawili, hata wale wawili wa zamani wamekwisha kuuzoea mpira, na hakuna hata mmoja ambaye timu nyingine isingemwanzisha. Mtaani wakaanza kumwambia, "Mwaka huu kombe ni lenu." Yeye akicheka, huku akihesabu watu vidoleni. Kocha mwenye wachezaji wabovu huhangaika nani acheze. Kocha mwenye wazuri huhangaika nani akae, na wanaocheza ni watano tu. Kumi na wawili kutoa watano unabaki na nyuso saba zinazokutazama kutoka kwenye benchi ulilolishona mwenyewe.

Akaumwa na jambo hilo hadi akapata dawa. Siku moja aliwakusanya akawaambia, "Hapa kwangu kuchoka si dhambi. Aliyechoka apige kifua kwa ngumi, hivi. Nitamtoa bila swali, ataingia anayefuata. Akishapumzika asimame, atarudi." Wakatazamana. Nahodha, ambaye mchana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akauliza, "Na asiyechoka, Kocha?" Akajibu kwamba kila mtu huchoka. Alifurahi kweli siku ile. Alikuwa amegundua namna ya kuongoza timu bila kumwambia mtu yeyote "kaa".

Makocha wengine walicheka, lakini kicheko hakikudumu. Dawa ilifanya kazi kupita kiasi. Wanawake wake walitoka na kuingia kwa mpangilio wa kupendeza, kila mara miguu mipya, na ilipofika robo ya tatu ya mchezo wapinzani walikuwa ulimi nje. Wakashinda, wakashinda tena. Mtangazaji mmoja wa redio akasema hewani kwamba mzee yule ana jicho, anamwona mchezaji aliyechoka kabla mchezaji mwenyewe hajajua. Hapo ndipo fundi wetu alipovimba kichwa. Alisahau kabisa kwamba wanaojitoa ni wachezaji wenyewe. Kwanza alisema jicho limechangia, baadaye akaanza kuamini kwamba jicho ndilo lote.

"Mtu akichoka," alimweleza mkewe wakiwa mezani, "cha kwanza kubadilika ni sikio. Linalegea. Watu hawajui."

"Mimi nimechoka tangu tuoane," mkewe akasema, akimsogezea bakuli. "Sikio langu hujaliona?"

Jambo moja tu lilimtia wasiwasi. Kila mchezo, robo ya tatu ikianza tu, Mkwe alipiga kifua. Hakuwa akihema, jasho halijamtoka, lakini ngumi hiyoo kifuani, anatoka, anakaa muda mrefu kuliko wote. Nusu fainali alifanya hivyo timu ikiwa inaongoza kwa pointi chache. Binti wa watu ana moyo mbovu, alijiambia. Nitamwambia nini mwanangu akirudi safari, kwamba nimemuulia mke uwanjani kwa ajili ya kombe?

Yeye kama baba mkwe hakuweza kumwuliza habari za mwili wake. Akamtuma mkewe. Mkewe alipousikia ugonjwa wenyewe, kuchoka ghafla, kushika kifua, kukaa chini, macho yalimng'aa. Akajifunga kitenge akaenda naye zahanati akiwa tayari amempa mjukuu jina.

Alirudi uso umemshuka. Fundi alikuwa kibarazani anachambua misumari.

"Hana mimba," mkewe akasema, akaketi kwa kishindo.

"Na moyo?"

"Moyo! Daktari kampima moyo, kampima mapafu, kampandisha ngazi kamshusha. Kaniuliza mbona namletea mtu mzima kupita kiasi. Anasema huyu hata akikimbia kutwa hachoki." Akamtazama mumewe. "Mkweo hana ujauzito, hana ugonjwa. Anachokuonyesha pale uwanjani, baba, ni uongo."

Msumari ulimdondoka mkononi. Alikaa mdomo wazi mpaka mkewe akamwambia aufunge. Hasira haikuwa imefika. Alikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Mkwe, binti mnyenyekevu hivyo, aliyekuwa akimwamkia kwa magoti, amdanganye mbele ya umati, tena mara zote hizo?

Siku hiyo jioni, mazoezi ya mwisho kabla ya fainali, hakupuliza filimbi. Aliwakalisha wote kwenye benchi, waliotosha wakatosha, wengine wakakaa sakafuni.

"Mkwe," akasema, akitazama juu ya kichwa chake, "robo ya tatu unachoka nini?"

Mkwe akainamisha kichwa. Nahodha akakohoa, na papo hapo mikono miwili mitatu ikaruka kifuani bila wenyewe kutaka, kisha ikashuka kwa aibu. Fundi aliiona. Alimtazama nahodha, akaitazama ile mikono. Yule mwalimu alikuwa na kikohozi msimu mzima. Fundi mwenyewe alikuwa amemletea asali mara kadhaa.

"Kohoa tena," alisema polepole.

"Kocha..."

"Nimesema kohoa."

Nahodha hakukohoa. Alisema ukweli badala yake, na aliusema kama anavyowaambia wazazi matokeo ya mtoto, taratibu na bila kuficha. Mwanzo wa msimu Ngazi na wenzake waliotoka kiwandani walikuwa wamekwisha kuitwa na timu nyingine. Walikuwa wanaondoka, kwa sababu hapa hakuna aliyejua atacheza lini. Ndipo Mkwe alipowaambia: Baba ametupa ngumi, tuitumie. Tugawane. Nahodha akikohoa, wawili watoke. Hakuna aliyekuwa amechoka. Mkwe alikuwa anaikata robo yake ya tatu ili Ngazi aipate.

"Tangu lini?" fundi akauliza.

"Tangu mchezo wa kwanza, Kocha."

"Ina maana mimi... hata mara moja?"

Ngazi, aliyekuwa amekunja miguu yake mirefu sakafuni, alijitia kufunga kamba ya kiatu.

Butwaa lililompiga fundi pale lilikuwa la kimyakimya. Alirudi nyuma katika ushindi mmoja baada ya mwingine, akitafuta hata badiliko moja lililotoka kichwani mwake, asilipate. Redio, makocha walioacha kucheka, sikio linalolegea, vyote vilikuwa kilemba cha ukoka alichojivika mwenyewe huku nahodha wake anakohoa. Halafu hasira ikafika, na kwa kuwa hakuizoea ilimtoka vibaya.

"Mmenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema. "Sawa. Kesho hakuna ngumi. Atakayepiga kifua asinijue. Fainali nachagua mimi."

Akachagua watano palepale, Mkwe na nahodha wakiwemo, Ngazi hakuwemo. Hakumwambia Ngazi "utakaa". Hakumtaja, basi.

Ukumbi wa fainali ulijaa hadi madirishani. Fundi alivaa koti lake la harusini na kusimama mbele ya benchi, mikono nyuma, kama alivyosimama siku zote. Watano wake walianza kwa moto. Mkwe aliiba mpira, nahodha akafunga, umati ukapiga miguu chini, na ubao wa matokeo ukawaonyesha wako mbele. Moyo ulimtulia. Kumbe hata bila ngumi, alijiambia, kumbe mimi naweza.

Robo ya pili wapinzani wakabadilisha watu. Yeye hakubadilisha. Robo ya pili ikaisha wakiwa bado mbele, kwa pointi chache. Ya tatu ilipoanza, nahodha alitoa pasi ikaishia mikononi mwa adui. Dakika haijapita, mwingine akakosa kikapu cha bure. Ndipo fundi akajua kwamba wanachoka, kila mtu ukumbini alijua, na akaanza kuwatazama ili amwone ni nani.

Akatazama masikio. Akatazama nyuso. Zote zilikuwa na jasho, zote zimekaza taya. Huyu alikuwa anahema, lakini yule pia. Akamtazama Mkwe, kisha nahodha, kisha akarudi kwa Mkwe, na mshtuko ukamshika, mkubwa kuliko wa jana. Hakuona kitu. Miaka yote hiyo kando ya uwanja hakuwahi hata siku moja kujifunza mtu aliyechoka anafananaje. Zamani alikuwa na saba tu na hakukuwa na wa kumtoa. Baadaye alikuwa akionyeshwa kwa ngumi. Alikuwa amesimama mbele ya watu wake watano kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua.

Aligeuka nyuma. Saba waliokuwa benchini walimtazama. Ngazi alikuwa amejifunika taulo kichwani. Fundi akafungua kinywa amwite, akakumbuka kwamba akimwingiza huyu lazima mmoja aambiwe "njoo ukae", na hakujua ni nani, na hata angejua, neno lenyewe hakuwahi kulitamka. Akakifunga. Nyuma yake umati wa upande wa pili ulilipuka. Adui amefunga tena.

Wakapitwa. Pengo likakua. Halafu Mkwe, ambaye daktari alisema angekimbia kutwa, akasimama katikati ya uwanja, mikono magotini, na mpinzani akampita kama anapita mti.

Fundi akaomba muda. Wakaja watano wakiburuta miguu, wakamzunguka, saba wakainuka nyuma yao. Muda wa namna hiyo ni mfupi na yeye alipoteza sehemu yake kubwa akitazama masikio yao tena.

"Nani amechoka?" akauliza.

Alikuwa amepiga marufuku jibu la swali hilo.

"Jamani, sioni," akasema, na safari hii hakujificha. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Naapa sioni. Niambieni nani atoke."

Mkwe akainua kichwa. Tangu aolewe hakuwahi kumtazama baba mkwe machoni, na sasa alimtazama, jasho likimtiririka hadi kidevuni.

"Wewe, Baba," akasema. "Kaa."

Nahodha aliziba mdomo. Fundi alimtazama yule binti, akangoja hasira imjie, haikuja. Kilichokuja ni uchovu, wingi wake ukamshangaza. Akaketi.

Akaketi mwisho wa benchi, pale pa Ngazi, katikati ya chupa za maji na taulo. Na Ngazi akaingia, na wengine wawili, na Mkwe akabaki nje, amesimama kidogo pembeni asiwazibe waliokaa. Hilo nalo lilimchoma fundi, kwamba kuna mtu anaweza kusimama pembeni. Kumbe msimu mzima wachezaji wake wa akiba walikuwa wakitazama mgongo wa suruali yake.

Mkwe hakutazama masikio ya mtu. Alitazama visigino, nani anaviinua anaporudi kukaba na nani anaviburuta, na kila alipoona akamwita mtu jina, akanyoosha kidole kwenye benchi, akasema "kaa", na mtu akaja akakaa na kunywa maji. Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyenuna. Fundi alitazama neno lile likifanya kazi, tena na tena, na kila mara alishtuka upya kwamba ni neno dogo vile.

Walilipunguza pengo hadi likabaki kikapu kimoja. Mpira wa mwisho ulitoka mkononi mwa Ngazi, ukazunguka ukingo wa chuma, ukafikiri, ukatoka nje. Filimbi ikalia. Upande wa pili wakamwagika uwanjani, na kombe likapita mbele ya benchi lao limebebwa juu juu, karibu kiasi kwamba fundi angeweza kuligusa.

Alibisha mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, akangoja mpaka akaambiwa apite. Walikuwa wameketi ukutani, wengine wanalia, Ngazi amefunika uso kwa mikono yote miwili. Fundi alibaki karibu na mlango.

"Si wewe, Ngazi," alisema. "Kombe limekwenda robo ya tatu, wewe ukiwa umekaa. Nimelipoteza mimi, kwa kiburi. Tafuteni kocha anayeona."

"Tulijua huoni," Ngazi akasema kutoka nyuma ya mikono.

"Mlijua?"

"Tangu mazoezi ya kwanza, Kocha. Kila mtu anajua."

"Sasa kwa nini mlibaki? Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungeacha," nahodha akasema. "Na wewe ndiye uliyetupokea wote. Kiwanda kilipofungwa, kule kwingine walitaka watatu tu."

Fundi alikuja akiwa amejiandaa kwa lawama, hata kwa kutukanwa, na hilo hakulitegemea kabisa.

Mkwe alikuwa anavua viatu. Alikuwa amerudia kutazama sakafu, na sauti yake imerudi kuwa ile ya mezani.

"Baba, mwaka kesho robo ya kwanza utasimama wewe," akasema. "Ya pili utapumzika, nitashika mimi. Ya tatu utarudi."

"Mmeamua lini?"

"Wakati umekaa."

Akawatazama wote kumi na wawili, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyekuwa anatania.

"Na ya nne?" akauliza.

Wakatazamana. Mkwe akaweka kiatu chini.

"Ya nne, Baba, tutaona kwanza umechoka kiasi gani."